Gari Lililokumbuka Simenti

Nilimwambia Lushinge: nataka gari linyanyuke
lakini lisinivunjie mayai.
Akacheka, akafuta mikono kwenye suruali
ambayo zamani ilikuwa ya buluu.
"Mama Ng'wigulu, hayo ni mambo mawili,
na sijayaona yakilala kitanda kimoja."

Gereji yake iko Igoma, nyuma ya wauza mbao.
Springi zimeegemezwa ukutani
kama mbavu za ng'ombe baada ya arusi.
Kijana wake, Revokatusi, akanivutia zile nene:
"Majani tisa, mama. Inchi nne juu.
Ukipita Nyakato watu watageuka."
Na mayai, nikamuuliza, nayo yatageuka?
Akaenda kutafuta spana
ambayo hakuwa ameipoteza.

Barabara yangu siyo Nyakato.
Yangu inaanza pale lami inapochoka,
Nyehunge kushuka Kahunda, ziwani,
changarawe imekunjamana
kama bati la paa lililolazwa chini,
madimbwi ya masika bata wameshayazoea,
na kuna jiwe, mteremkoni Bukokwa,
limekula sampo za watu wanne ninaowajua kwa majina.
Kimo nakitaka kwa ajili ya jiwe lile.
Ulaini nautaka kwa ajili ya yote mengine.

Mwezi wa tatu nilipakia trei sitini.
Nikafika Kirumba na arobaini na saba,
na mchuzi.
Mteja wangu wa hoteli alinusa turubai, akasema:
"Leo umeleta yaliyokorogwa, bado chumvi."
Sikucheka.
Kikoba hakipokei maganda.

Lushinge akaingia uvunguni.
Ikabaki miguu, na sauti.
"Nani alikufungia haya?"
Marehemu.
Nyundo ikanyamaza kidogo.
"Alikuwa anabeba nini?"
Simenti.
"Basi gari bado linabeba simenti.
Angalia lilivyokaza.
Linangoja mifuko sitini
ambayo haiji."

Sikujibu. Nilitazama juu, kilimani,
yale mawe ya Mwanza yaliyopandana
bila boliti, bila bushi,
nikajifanya nayahesabu.

Akatoa majani mawili, yale mafupi, yale magumu.
Akaweka moja refu, jembamba, lenye mkunjo.
"Tunalinyanyua kwa mkunjo, siyo kwa unene.
Inchi mbili zinakutosha.
Anayetaka nne anataka kutazamwa."
Shokapu akachagua ndefu,
akaikandamiza moja kwa kifua chake mwenyewe,
akaiacha irudi taratibu,
kama mtu anayeshusha pumzi
baada ya kupokea simu aliyoiogopa.
Bei aliitaja akiwa amegeuka.
Nilimwelewa kwa nini.

Tukaenda kulijaribu Kishiri, kwenye mawe.
Nilitandika kanga kwenye dashibodi,
nikaweka yai moja, bichi.
Revokatusi nyuma, ameshika bomba, anaomba kimoyomoyo.
Shimo la kwanza: yai likatembea kushoto.
La pili: likarudi.
La tatu nililitafuta kwa makusudi, nikalikanyaga;
kiti kikaniinua, kikaniweka
pale pale kiliponitoa,
na mgongo wangu, ambao miaka miwili
haukuwa na mtu wa kuulalamikia,
haukusema kitu.

Jumamosi nilitoka Kahunda na trei sitini.
Zilivunjika tatu; siyo trei, mayai.
Moja nililiangusha mwenyewe wakati wa kushusha.

Yale majani mawili Revokatusi aliyaomba.
Yanatoa panga nzuri, alisema, hayachoki.
Nikampa moja.
La pili linazuia mlango wa banda la kuku.
Kutu imeanza kulishika ncha,
lakini halijapinda, na sidhani litapinda.
Alfajiri nikienda kuokota mayai
nalisogeza kwa mguu, polepole.
Mwangaluka, naliambia.
Kisha nafungua.